Nne Kati ya Tano

Dada yangu mkubwa aliletwa Nakuru Januari 2008 juu ya lori la viazi, kutoka upande wa Molo, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na shuka iliyoungua pembeni. Nyumba yake ilikuwa imechomwa katika ghasia za uchaguzi. Akakaa kwenye kitanda changu mtaani Kaptembwo, akaangalia ukuta, na hakusema neno. Wiki tatu. Mimi nililala sakafuni na sikulalamika, maana wa kulalamikiwa alikuwa haongei.

Nikampeleka kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, pale uwanja wa maonyesho, tuliposikia kuna mshauri wa mambo ya akili. Mshauri mmoja, hema moja. Nikahesabu foleni: watu arobaini na mmoja. Nikarudia, wakawa arobaini na wanne, maana nikihesabu wengine watatu walinipita.

Zamu yetu ilipofika, yule mshauri, mama mmoja, alikuwa amekauka sauti kama kondakta. Alijaribu kuongea na dada. Dada akaangalia miguu yake. Ndipo mama akachukua namba yangu. Alieleza kwamba watu wamezidi viti, kwa hiyo wengine atawatibu kwa simu. Kila Jumatatu atatuma ujumbe kuuliza mgonjwa amelala vipi, amekula vipi, ameongea vipi. Nijibu kwa namba: moja ni vibaya kabisa, tano ni vizuri. Akishasoma majibu ataamua wiki hiyo ampigie nani. Nilikuwa nimeona simu ikituma salamu, matusi, na siku hizo hata pesa. Dawa ya kichwa, bado.

Sasa, mimi huuza viatu vya mitumba. Kazi hiyo inataka kitu kimoja: ukipenda kiatu, usikitazame. Mwenye robota la mitumba akishajua una shida nacho, umekwisha. Jumatatu ujumbe ukaingia nikiwa sokoni. Kulala, nikaandika nne. Kula, nne. Kuongea nikaona nisizidishe, nikaandika tatu. Ukweli ulikuwa moja kila mahali, na hiyo ya kuongea ni kwa kuhurumiwa. Lakini nilitaka tuonekane watu wa maana, si wale wa kulialia. Nikangoja atutafute mwenyewe.

Hakupiga. Jumatatu ya pili nikajibu vilevile. Ya tatu akatuma shukrani: mgonjwa wangu anaendelea vizuri, nafasi yake imepewa mwingine.

Siku hiyo dada hakuwa ametia kitu mdomoni tangu Jumamosi. Jirani yangu, mama wa mboga, alimtazama akiwa amekaa mlangoni, nywele hazijaguswa, akaniambia polepole, "Boss, huyu unamwacha aende hivi hivi?"

Nikaenda nyuma ya choo cha ploti, mahali pekee penye kimya, nikapiga.

"Madam, nilidanganya," nikasema. "Si nne. Ni moja. Zote ni moja."

Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia.

"Wewe ni mchuuzi wa sita kukiri," akasema. "Jana alikuwa muuza kuku. Wenye shida wote wananipa nne. Wanaonipa moja ni wale wanataka blanketi."

Hakucheka, na mimi pia sikuwa na nguvu ya kucheka. Nafasi ilikuwa imeenda. Tungoje wiki mbili, Alhamisi saa tatu asubuhi, na simu ibaki na dada, mimi nisiwepo. Nikajaribu kumshusha kama bei: nikae tu mlangoni. Akakataa. Nikaomba Jumatano, kwa sababu Alhamisi marobota hufunguliwa na mwenye stoo hunipigia nikimbie nikachague mapema.

"Basi nimpe mwingine?"

Nikasema hapana.

Wiki hizo mbili nilimlisha uji kwa kijiko, asubuhi na jioni. Siku nyingine aliumeza. Siku nyingine ulirudi shingoni kwake, nikapangusa, nikaanza tena.

Alhamisi nikaweka simu mapajani mwake, nikamwonyesha kitufe cha kijani. Nikamwambia ikilia abonyeze hapo, kuongea si lazima. Hakunitazama. Nikaenda sokoni nikakuta wenzangu wameshachagua, nikachukua masalio.

Nilirudi saa saba. Simu ilikuwa imezima, chaji imekwisha, na dada ameishikilia kifuani kwa mikono miwili. Kama alisema neno, sijui. Alikuwa amelala, usingizi wa kweli, mdomo wazi, anakoroma. Nikavuta mlango taratibu, nikakaa nje kwenye gunia la viatu, nikingoja aamke mwenyewe.