Neno la Kumzima Sponji

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa walio hai na kwa wale wanaoendelea kujaribu, kwamba Jumamosi hii, mara tu baada ya chai, fahamu za mwanadamu zitahama kichwani na kuhamia kwenye kompyuta. Msafiri ni fundi makochi wa mtaa huu. Maiti haitakuwepo, kwa hiyo msilie. Mje na viti vyenu, kwa sababu vya fundi bado viko uchi.

Tangazo hilo liliandikwa kwa rangi ya mbao kwenye ubao uliobaki katika kabati la mteja, likatundikwa mlangoni mwa karakana. Aliyeandika ni msafiri mwenyewe. Wataalamu wa vyuo vikuu wamegombania suala hili miaka nenda rudi, kama fahamu ni kitu kinachohamishika au hakihamishiki, na hawajafika popote. Fundi makochi alilimaliza kwa brashi moja.

Watu wanamwita Sponji. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kazi zamani, hata mkewe hulitumia tu akiwa hospitali au akiwa amekasirika sana. Ni mtu mfupi, mpana, mwenye vipande vya sponji kwenye nywele wakati wote, na ukimgusa begani unatamani kukaa. Maisha yake yote ni makochi. Hata ndoa yake ilitoka kwenye kiti. Siku alipokwenda kuposa alibeba zawadi ya kiti alichokitengeneza mwenyewe, cha kwanza katika maisha yake, akamkaribisha mzee wa nyumba akikalie. Kiti kikakunjamana kama karatasi. Mzee akabaki sakafuni, miguu juu, kiuno kimebanwa na fremu, wajomba wakivuta huku na huku. Kutoka huko chini ndiko kulikotoka jibu la posa: "Nimemkubali, niinueni."

Sasa hapa ndipo palipokuwa na tatizo. Mwaka wa tangazo hilo mgongo wake ulianza kulia kuliko springi zake. Daktari akamwinamisha, akamwinua, akamwambia asinyanyue tena kochi wala fremu ya kochi. Binti yake, ambaye kazi ameishika barabara, akachukua karakana. Akamwekea baba yake kiti karibu na mlango, akamwambia kwa upole wote wa mtoto mwema kwamba sasa apumzike, awe anakuja kuwatembelea.

Kuwatembelea. Sponji alilitafuna neno hilo wiki nzima na halikumezeka. Mtu ajenge karakana kwa misumari yake mwenyewe, halafu aje humo kama mgeni, aulizwe habari za nyumbani, anywe maji, aondoke. Alichotaka ni kimoja tu: kochi likikataa, mtu aseme, "Hebu tumuulize Sponji." Hakuwa na habari na kuishi milele. Alitaka kuendelea kuulizwa.

Ndipo alipomsikia mkwe wake, mume wa binti yake, akizungumza na mteja katika chumba cha jirani. Mkwe huyu hutengeneza simu na kompyuta, na alikuwa akieleza kwamba siku hizi unaweza kuilisha kompyuta maneno ya mtu mpaka ikaongea kama yeye. Sponji akaingia bila hodi. Akataka kujua kama inawezekana kwa mtu mwenye mgongo mbovu.

Sasa, mkwe huyo ni kijana mwenye adabu iliyopitiliza. Tangu aoe hajamtazama baba mkwe usoni. Anamfahamu vizuri kwa viatu. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia baba mkwe "hapana", na hawezi hata kumwambia "si hivyo hasa". Alijaribu kueleza kwamba itakuwa ni kuigiza tu, akavieleza vile viatu, na viatu havikuelewa.

"Kwa hiyo nitahamia mzima mzima?" Sponji akauliza.

"Ndiyo, baba," mkwe akaviambia viatu.

Kazi ikaanza. Kila jioni Sponji alikaa mbele ya kipaza sauti akasimulia maisha yake, na mkewe akiwa jikoni, ukuta mmoja tu katikati, akawa anasahihisha. Sponji alisema alikuwa mwanafunzi bora. Jikoni wakasema alifukuzwa kwa kung'oa sponji ya kiti cha mwalimu ili aone imekaaje. Sponji alisema wateja walimpenda. Jikoni wakauliza kama ni pamoja na yule aliyeshonewa simu yake ndani ya mto, ikawa inaita usiku na mchana hadi betri ikamhurumia.

Wakafika kwenye kochi la kijani.

"Lilikuwepo kochi la kijani," Sponji akasema, "likanunuliwa."

"Liliuzwa," jikoni wakasema.

Hilo kochi lilikuwa la mkewe. Alilinunua kwa jasho lake la kushona sare, akalipenda kuliko ndugu zake. Alikwenda kujifungua, akarudi na mtoto mchanga mikononi, akakuta mahali pa kochi pana mraba msafi wa sakafu. Mteja alikuwa amelipenda, na Sponji hajawahi kumkatalia mteja. Mama wa watu akakaa chini na mtoto wake. Mtoto huyo ndiye sasa mwenye karakana. Tangu siku hiyo Sponji amemtengenezea mkewe makochi yasiyo na idadi, yenye mikono mipana, yenye vifungo, hata moja lenye mahali pa kuweka kikombe. Neno moja tu dogo alilokuwa akilisubiri hakumpa. Sponji alikuwa na maelezo: ile ilikuwa biashara.

Mkewe hakuupinga uhamisho. Aliuliza tu ni fahamu zipi zitakazohamishwa, maana juzi mwenye fahamu hizo alitoka bafuni na povu kichwani akiuliza alikuwa anakwenda wapi. Halafu akatoa sharti. Mume huyu wa kwanza hana mahali pa kumzimia, na amevumilia. Huyu wa pili lazima awe napo. Mkwe akaona ni haki. Akaweka kwamba ukisema "zima", mashine inazima, na ukisema "amka", inaamka.

Akaiunganisha na betri kubwa ya gari, kwa sababu hakuna anayetaka baba mkwe akatike pamoja na umeme. Sponji naye hakukubali kuhamia kwenye nyumba isiyo na heshima. Aliivalisha kompyuta yote: sponji ya unene wa kiganja, ngozi bandia nyekundu, vifungo vya shaba, misumari pande zote. Swichi, nyaya na betri vikabaki ndani. Ikawa kama kiti cha chifu ambaye ni mdogo sana.

Jumamosi ikafika. Sponji alinyoa, akavaa koti, akaenda chooni kwa mara ya mwisho na kukaa huko muda mrefu, kwa heshima ya kuagana. Alimwuliza mkewe mwili uliobaki watauweka wapi. Mkewe akasema popote, mradi usizibe mlango. Basi akakaa mbele ya mashine, akafumba macho, akajikaza kama mtu anayesubiri sindano. Mkwe akabonyeza.

"Nimefika," ikasema mashine, kwa sauti ya Sponji kabisa, hata kile kikohozi cha mwanzo kikiwemo.

Watu wakapiga makofi. Sponji akafumbua jicho moja.

"Umefika wapi?" akauliza. "Mbona mimi niko hapa?"

Mkwe akatokwa na jasho. Akavitazama viatu. "Mmefika wote, baba."

Sponji akalipima jibu hilo. Alijigusa kiuno, kikauma palepale panapouma siku zote. Lakini akaona si hasara: Sponji wawili katika karakana moja, nani atawafanya wageni?

Dada yake mkubwa, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili, akasogea kuisalimia mashine. Alikuwa amejifunga kitambaa cha msiba kwa tahadhari. Akainama.

"Kaka, u mzima?"

Mashine ikazima.

Dada mtu akashika kichwa. Wakasema "amka", ikaamka, ikakohoa, ikasema imefika. Jirani akaingia, mtu wa watu, akauliza kama mzee mzima. Ikazima. Wakaiamsha. Ikafika. Mteja akachungulia: wazima humu? Ikazima. Asubuhi yote Sponji wa pili alikuwa akizirai kila anapojuliwa hali, na kila anapozinduka anatangaza kuwa amefika, mpaka dada mtu akasema hajawahi kuona safari yenye vituo vingi namna hii. Mkewe ndiye aliyegundua. Alisimama mlangoni na bakuli la unga, akasema kwamba masikio ya mashine ni kama ya mwenyewe, yanasikia nusu ya neno.

Kikakaa kikao. Mkwe akasema anaweza kuifanya itii sauti ya baba peke yake, lakini hata baba hujibu "mzima" kutwa nzima. Likahitajika neno lingine la kuzimia, neno ambalo baba halitumii kabisa katika maisha yake.

Dada akapendekeza "basi". Wakamwonyesha kwamba katika ukoo huo hakuna sentensi inayokwisha bila "basi". Binti akasema "funga", lakini karakana nzima ni funga kamba, funga kitambaa. Akasema "asante", kisha akakumbuka kwamba baba aliwahi kumwambia mteja mmoja asante.

"Wekeni 'samahani'," mkewe akasema, akikanda. "Hilo halina hatari."

Hakuna aliyepinga, na mkwe akaliweka litiiwe kwa sauti ya baba peke yake. Sponji mwenyewe alifurahi. Sasa hakuna kiumbe atakayeweza kumnyamazisha.

Na kweli. Kuanzia siku ya pili kochi likikataa, binti aligeuka kuelekea kile kiti kidogo chekundu cha enzi na kusema, "Hebu tumuulize Sponji." Sponji akainuka kitini kwake pale mlangoni, mdomo wazi tayari, na mashine ikawa imekwisha kujibu. Ilijibu sawasawa na yeye, ila haikutafuta miwani kwanza. Wateja wakaja kuishangaa. Wakacheka vichekesho vyake, vilevile ambavyo Sponji wa nyama alikuwa akivitoa bila mtu kucheka. Mteja mmoja, mwanamke mwenye kochi linalolia kama paka kila mgeni anapokaa, akauliza yule mzee aliyekaa mlangoni ni nani.

"Huyo msimjali," mashine ikasema. "Ni mwili wangu wa zamani."

Karakana ikacheka mpaka misumari ikamwagika. Sponji akacheka nao, kwa sababu kichekesho kilikuwa chake. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu kichekesho kilikuwa chake.

Akaanza kubishana na mashine. Akasema kochi la paka ni springi. Mashine ikasema ni fremu, na ikamkumbusha kuwa yeye mwenyewe alisimulia hivyo Jumatano. Akaiambia inyamaze. Ikamwambia anyamaze mwenyewe, kwa sauti ambayo dada yake akiwa nje aliijibu akidhani anaambiwa yeye. Sponji akamwita mkwe, akataka ifumuliwe. Mkwe akaviambia viatu, kwa majonzi, kwamba kuing'oa misumari ya baba mkwe ni jambo ambalo mikono yake haitaliweza.

Ndipo mkewe akatoka na birika la chai. Alikuwa na haraka, moto jikoni, mikono miwili na vikombe vingi. Akamimina cha binti, cha mkwe, cha mteja. Akachukua kikombe kikubwa cha bluu chenye mpini uliogundishwa, kikombe cha Sponji, ambacho hata wajukuu hawakigusi, akakijaza. Akakiweka mbele ya mashine.

Hata mwenyewe hakuona. Mkono tu ulikwenda ulikozoea kwenda, kuelekea iliko sauti.

Sponji alikitazama kikombe kikitoa moshi mbele ya mtu asiye na mdomo. Akainuka. Mgongo ukalia, akauacha ulie. Akapita katikati ya makochi uchi, akafika kwenye mashine, akainama hadi pua ikagusa ngozi bandia, akanong'ona kitu.

"Ongea kwa sauti," mashine ikasema. "Sponji imeziba."

Ilikuwa kweli. Sponji ya unene wa kiganja, kazi ya mkono wake. Akakohoa. Akatazama juu, akatazama chini, akaishika meza.

"Samahani," akasema.

Mashine ikanyamaza. Nyundo ya binti nayo ikanyamaza. Mkwe, kwa mara ya kwanza tangu aoe, aliinua macho akamtazama baba mkwe usoni. Mlangoni, mkewe alikuwa amesimama na birika, chai ikimwagika taratibu juu ya kiatu chake naye hana habari.

"Umesema nini?" akauliza.

Sponji alikuwa amekwisha kuchukua kikombe chake.

"Samahani," akarudia, akipuliza chai.

Mkewe akaweka birika chini. Akajifuta mikono kwenye nguo, mmoja halafu mwingine. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo, ya yule mama aliyekaa sakafuni na mtoto.

"Unaniambia mimi?"

"Hapana," Sponji akasema. "Nazima kompyuta."