Kibuyu Kilichokataa Kutoka Mkononi Mwangu

Mungu asifiwe, aliyeniumba na shingo, kisha akanipa daktari wa kuifungua na kuifunga tena, nami nikaamka. Namshukuru kwanza kabla sijaeleza lolote, kwa sababu haya ninayoandika ni ya aibu, na mtu akitanguliza aibu yake bila shukrani anaweza kudhani aibu ndiyo kubwa. Si kubwa. Wazee wawili wa kanisa letu walikuja nyumbani kunishauri ninyamaze, wakasema mtu wa umri wangu hafai kutaja hadharani siku aliyoshindwa kuachilia kibuyu cha maziwa mbele ya wakwe. Niliwasikiliza kwa upole, tukaomba pamoja, wakaenda, na sasa naandika.

Mimi ni mkulima wa chai karibu na Kapkatet, na kwa miaka mingi nimekuwa msemaji wa ukoo wetu. Shingoni nilikuwa na goita. Ilianza kama yai la kuku, ikawa kama kiazi, mpaka kifungo cha juu cha shati kikakataa kabisa na nikilala chali pumzi inapita kwa kelele kama upepo chini ya mlango. Kuna walioniambia nikae nayo hivyo hivyo, kwamba mtu wa imani hakubali kukatwa kwa kisu. Niliomba miaka minne, na jibu la maombi yangu likawa daktari mwanamke, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, aliyesema tezi yote ya shingo lazima itolewe kwa sababu inabana njia ya hewa.

Sasa niwaambie ukweli wa upasuaji wenyewe, maana mimi niliambiwa hadithi za kutisha tu. Unalazwa, unachomwa dawa, unalala, na ukiamka koo linauma kama umemeza gunzi la mahindi. Kuna mpira mwembamba unaotoka shingoni kupeleka damu kwenye kichupa, wangu ulitolewa kesho yake (unauma kidogo, tusidanganyane). Shingo haigeuki, kwa hivyo mtu akikuita unageuka mwili mzima kama ng'ombe mwenye nira. Sauti inakwaruza na kuchoka haraka, na mimi daktari aliniambia nisipige kelele wala kuhubiri mpaka anione tena. Siku ya tatu nilirudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe.

Kazi kubwa ilikuwa vidonge. Kimoja kidogo ni cha kuchukua nafasi ya ile tezi, kinamezwa kila asubuhi tumbo likiwa tupu, halafu unangoja karibu saa nzima ndipo unywe chai (fikiria mtu anayeishi katikati ya mashamba ya chai, anasikia harufu ya chai ya maziwa ikitoka jikoni, naye amekaa akitazama ukuta). Hicho ni cha maisha yote. Halafu kulikuwa na vya kalsiamu, vikubwa kama vifungo vya koti, mara tatu kwa siku, mbali na kile cha asubuhi. Nesi alinishika mkono akaniambia, "Mzee, ukisikia midomo inawasha ama vidole vinaingia ganzi, hiyo ni kalsiamu imeshuka. Usingoje mtu. Kuja hospitali." Nikaitikia kwa adabu kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Wiki mbili baadaye ilikuwa koito ya Chebet, yaani siku ya wazee wa pande mbili kukaa na kukubaliana kuhusu ndoa. Chebet ni binti wa marehemu ndugu yangu, nimemlea tangu akiwa darasa la pili, na alikuwa amemngoja Kiprono wake miaka mitatu mpaka kijana akapata kazi ya kudumu. Watu wa Kiprono walitoka Kipkelion. Katika ukoo wetu mazungumzo yakiisha, baba wa msichana humpa mzee wa upande ule kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yaliyolala na mkaa, kwa mkono wake mwenyewe. Akikitoa, amekubali. Akikishikilia, amekataa. Na hakuna ruhusa ya mtu kukichukua kwa nguvu wala kutoa kwa niaba yake, kwa sababu kibuyu cha kunyang'anya ni msichana wa kunyang'anya.

Basi Ijumaa jioni nikasahau kalsiamu kwa sababu ya wageni, na Jumamosi asubuhi nikaamua, kwa akili zangu timamu, kukiacha kichupa cha vidonge kabatini. Sababu ni kwamba kilikuwa kinalia mfukoni kama kayamba, na mimi sikutaka wakwe wajue nimepasuliwa (nilikuwa nimejifunga skafu ya sufu na kumwambia kila mtu ni homa). Mke wangu Rael akauliza, "Dawa umekunywa?" Nikamjibu kwamba leo nitakunywa mursik, na mursik ni maziwa, na maziwa ni kalsiamu tupu, kwa nini nimeze chokaa ya dukani. Akarudi jikoni. Nilikuwa nimesahau kwamba mursik siku hiyo hainywewi mpaka mwisho.

Na mwisho ulichelewa. Msemaji wao, Arap Too, mzee mrefu wa heshima sana, alitueleza ukoo wao kuanzia mababu waliofika na reli, nami nikalazimika kujibu kwa urefu uleule, daktari na maonyo yake nikawaweka kando. Saa saba midomo ikaanza kuwasha kama nimepaka pilipili. Nikailamba, nikaendelea. Saa nane vidole vikawa ganzi, na sauti ikapanda juu ikawa kama ya kifaranga, mpaka vijana waliokaa mlangoni wakaangalia chini kuficha kicheko. Ningesema ukweli wakati huo, mambo yangeisha. Nikavuta skafu ikaze zaidi.

Rael akaniletea kibuyu. Chebet alikuwa amepiga magoti kando, macho chini, vidole vyake vikikunja na kukunjua upindo wa nguo. Nikasimama, nikakishika kibuyu kwenye shingo yake, nikamnyooshea Arap Too, naye akashika upande wa chini, na hapo mkono wangu ukakakamaa. Kidole gumba kikaingia ndani, vile vingine vikanyooka vikabana kama mdomo wa bata, na kifundo cha mkono kikajikunja. Arap Too akavuta kidogo kwa heshima. Kibuyu hakikutoka. Akavuta tena. Tukawa tunavutana, wazee wawili wa heshima, juu ya maziwa.

Nilitaka kusema jambo, sauti ikatoka hewa tupu. Shemeji yangu Wilson, ndugu wa Rael, mtu asiyeweza kuona kimya bila kukijaza, akasema kwa sauti ya kanisani, "Wakwe, mnaona wenyewe. Mzee ameshikilia. Mzee hataki."

"Hataki nini?" Arap Too akauliza. "Tumekula ugali wake, ametutajia mpaka babu wa babu yake, sasa ndio hataki?"

"Mimi nasema ninachoona."

Arap Too akaachilia kibuyu, akachukua fimbo na kofia yake. Wenzake wakasimama. Kiprono akabaki amekaa kama mtu aliyepigwa. Chebet akainua uso, akaniambia polepole, si kwa hasira, "Baba, si ungeniambia nyumbani." Maneno hayo yaliniuma kuliko ule mpira wa shingoni.

Aliyetuokoa ni mama yake Kiprono, mwanamke mnene mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Alipita katikati ya wazee wanaume bila kuomba nafasi, akanitazama mkono, akanitazama mdomo.

"Mzee, midomo inakuwasha?"

Nikatikisa kichwa kukubali, pamoja na mabega, maana shingo ilikuwa bado ngumu.

Akafungua shanga zake, akashusha kitambaa, na pale chini ya koo kulikuwa na mstari mwembamba uliofifia, kama mkunjo wa kawaida wa ngozi. "Hata mimi walinitoa goita," akasema. "Mara hiyo nilikakamaa nikiwa na kijiko cha kupika, nikakaa nacho mpaka hospitali." Kisha akanivua skafu mbele ya watu wa koo zote mbili, na kila mtu akaona kovu langu, jekundu bado. "Huyu hakatai. Huyu ni mgonjwa. Msimkunjue vidole kwa nguvu. Leteni gari."

Rael naye akasema, "Na kibuyu asichukue mtu. Mzee atakitoa mwenyewe."

Kwa hivyo nilipelekwa hospitali nimekaa kiti cha mbele na kibuyu kimesimama mapajani, Arap Too na mama Kiprono nyuma yangu, na Chebet akikishikilia kifuniko maziwa yasimwagike barabarani. Ukumbi wa wagonjwa ulijaa. Mtoto mmoja aliyevunjika mkono aliacha kulia ili anitazame vizuri. Nesi akauliza, "Mzee, umetuletea?" Wakanitoa damu, wakaniwekea dripu ya kalsiamu taratibu huku wakisikiliza moyo, na baada ya muda nikahisi joto likirudi vidoleni, kimoja kimoja.

Vilipofunguka sikukiweka kibuyu mezani. Nilimwita Arap Too aje kando ya kitanda, nikakishika kwa mikono miwili, nikasema kwa hiyo sauti yangu ya kifaranga, "Chukua. Binti yangu ni wenu, kwa moyo wangu wote." Akakipokea. Tukanywa hapo hapo, kwa kifuniko, nesi akijifanya haoni, na Chebet akaegemea ukuta akalia na kucheka kwa wakati mmoja. Ndoa yao ilikubaliwa wodini, chini ya dripu, na mpaka leo ni ndoa nzuri.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani bila skafu, kola wazi. Mmoja wa wale wazee wawili wa kanisa niliowataja mwanzoni akaninong'oneza, "Funika basi, watu wanaangalia." Nikamwambia waangalie. Kovu hili ni jibu la maombi yangu, sitalifunika kama mtu aliyeiba. Tangu siku hiyo wanawake wanne na mwanamume mmoja wamenijia nyumbani kimya kimya wakiwa na shingo zilizovimba, na wote nimewaonyesha kovu na kuwapa jina la daktari.

Wacheke wanaocheka. Kichupa changu sasa kinalia mfukoni kila ninapokwenda, hata madhabahuni, na nimeapa mbele za Mungu kwamba sitakiacha tena kabatini mpaka daktari mwenyewe aseme yatosha.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde shingo na sauti, akupe daktari mwenye mkono mwepesi na jirani asiyeona haya kukufunua, na chochote ulichokishikilia kwa kukakamaa, akufungulie vidole ukitoe kwa furaha. Amina.