Kinyoya cha Katikati

Kinyoya kilianguka kati yetu, kikabingirika kidogo, kikatulia. Hakuna aliyekigusa.

"Chako hicho," alisema wifi yangu.

"Nimekuachia."

"Nani kakuomba uniachie?"

Wale wawili wa upande wa pili wa wavu wa badminton wakajifanya wanafunga kamba za viatu. Ilikuwa Jumanne, siku ambayo ule ukumbi wa michezo wa Nizwa, huku Omani, huachiwa wanawake peke yao, na kila mwanamke aliyekuwamo alikuwa ameshatuzoea.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa, na amenizidi miaka kumi na kitu. Tangu nimalize chuo nakaa kwao, pamoja na bibi yetu mzaa baba, nikingoja kazi. Katika nyumba ile hakuna aliyesahau kwamba nangoja. Nikienda kwenye usaili na kurudi, nilikaa na simu mapajani nikiwaza kama nilicheka mapema mno, kama nilimtazama sana yule mzee aliyekaa kushoto, kama ningepaswa kutaja shahada yangu kabla ya kutaja baba yangu ni nani. Wifi yangu alipita na kikapu cha nguo, akanitazama, akasema, "Bado unafanya ule usaili?"

Sikumpenda. Sikupenda alivyofunga mlango wa friji kwa nyonga, wala alivyomjibu bibi kwa Kiswahili chake cha Mwanza, ambako wazee wake waliishi kabla ya kurudi Ibra, kana kwamba Kiswahili chetu cha Unguja ni cha watu wanaojidai. Naye hakunipenda, na hakujisumbua kulificha hilo. Kaka ndiye aliyetuambia tucheze pamoja, kwa kuwa wifi alicheza badminton shuleni Ibra na mimi nilicheza chuoni. Alidhani mchezo utatupatanisha. Kaka yangu ni mtu mwema asiyewajua wanawake wa nyumbani kwake.

Mwalimu wetu alikuwa ametueleza zaidi ya mara moja: wachezaji wawili wakisimama sambamba kujilinda, aliye kushoto ndiye achukue kinyoya cha katikati, maana mkono wake wa kulia ndio ulioko katikati. Mimi niliielewa kanuni hiyo vizuri. Ningeweza kuiandikia insha. Lakini kwetu mdogo hatangulii mkubwa. Kwenye sinia la wali, mkono wangu haufiki katikati, penye samaki, mpaka mkubwa amesukumia kipande upande wangu. Mlangoni mdogo husimama, mkubwa hupita, na wakilingana umri huweza kusimama pale, tafadhali wewe, la wallahi wewe, mpaka chakula kipoe. Mwili wangu ulijifunza hayo kabla ya kujifunza kusoma. Kinyoya kikija katikati, mguu ulisimama wenyewe, kama uko mlangoni.

Jioni ile, garini, wifi alisema akiwa anaendesha, bila kunigeukia: "Unajua unachofanya? Unaniachia ili kikianguka nionekane mimi. Wewe unabaki mtoto mwenye adabu, mimi nabaki mama mzito asiyekimbia."

"Si kweli."

"Basi nionyeshe."

Nilifikiri maneno yale wiki nzima. Niliyageuza upande huu na ule, nikaona si ya kweli, kisha nikaona kwamba mtu anayefikiri wiki nzima ili ajue neno si la kweli ana shida yake.

Wakati huo ndipo nilipokuwa namfuata mchezaji mmoja wa Kijapani. Namfuata kwenye simu tu. Sijafika Japani wala sidhani nitafika. Hucheza wawili wawili. Nilianza na mechi moja iliyotokea yenyewe kwenye simu wakati nikisubiri wali uive, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimeyaunga maisha yake yote ya mchezo kwa vipande vipande, kama mtu anayechunguza familia ya mchumba. Alianza msichana mdogo wa nywele fupi, akiwa na mwenzake aliyemtangulia darasa. Wakachukuliwa pamoja na timu ya kampuni, maana kule kampuni huajiri wachezaji. Wakashinda pamoja miaka kadhaa. Kisha mwenzake akachoka, akaacha mchezo.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Yeye hakuwa amechoka. Hakuumia, hakushuka, hakufanya kosa lolote. Lakini mchezaji wa wawili hana safari yake peke yake. Siku mtu mwingine akisema basi, ni basi kwako pia. Nilijiuliza alikula nini siku alipoambiwa. Nilijiuliza kama waliambizana garini.

Alipewa mwenza mpya, msichana mwepesi, mdogo kwake kwa miaka mingi, na sasa yeye ndiye akawa mkubwa. Mwaka wa kwanza walipigwa kila walikokwenda. Chini ya mechi zao watu waliandika kwamba aondoke, kwamba anamzuia mtoto wa watu. Nilisoma maoni hayo kwa tafsiri ya simu, mengine mpaka mwisho, na kila moja nilihisi limeandikwa kwa mkono wa mtu ninayemjua.

Ijumaa moja, tumekaa kwenye sufuria ya mchana, maana siku hiyo sinia lilikuwa limekwenda kwa jirani, wifi alichambua mwiba wa samaki akauweka pembeni.

"Baada ya Ibra nabadilisha patna," alisema.

Ibra kulikuwa na mashindano ya wanawake, na jozi yetu ilikuwa imeshaandikishwa.

"Patna ndiye mdudu gani?" bibi aliuliza.

"Mwenza, bibi. Wa kucheza naye."

"Mwenza ni mke mwenzio." Bibi alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Ndiyo maana mnatazamana hivyo. Mie nikashangaa."

Kaka alicheka peke yake, akaacha.

"Mdogo wangu aliyeolewa Sur," wifi aliendelea, "mumewe kahamishiwa hapa Nizwa. Wanakuja mwezi ujao. Nitacheza naye."

"Kwa nini ungoje mpaka Ibra?" nilisema. "Mwite sasa hivi."

"Majina yameshapelekwa. Wallahi yasingekuwa yameshapelekwa, ningemwita."

"Jamani," kaka alisema, "tule."

Nilikula. Sikuonja kitu. Waliokuwa wamenikataa kwenye usaili mpaka siku ile walikuwa watu wasionijua. Waliona karatasi na uso wa dakika chache, na nilikuwa na njia ya kujifariji. Huyu alinijua. Aliniona asubuhi kabla sijanawa uso, na alijua mguu wangu unasimama wapi. Akinikataa yeye, nisingepata wa kumwambia kwamba hakunielewa. Na Jumanne ndiyo siku pekee niliyotoka nyumbani mle nikiwa na mahali pa kwenda na mtu aliyelazimika kuningoja.

Basi nikaitafuta mechi niliyokuwa nikiikumbuka kwa mbali. Mjapani wangu alikuwa bado yule msichana wa nywele fupi, yuko kushoto. Kinyoya kikaja katikati, akakirukia. Raketi yake ikagonga mkono wa mkubwa wake. Wakapata pointi. Akainama haraka, kichwa chini, akiomba radhi. Mkubwa hakuitikia hata kwa jicho. Alirudi mahali pake uso umekaza kama jiwe. Nilidhani kinyoya kinachofuata atamwachia. Kikaja katikati tena, akakichukua tena.

Nikaitafuta nyingine, ya miaka mingi baadaye. Sasa yeye ndiye mkubwa. Yule mwepesi akamgonga vidole, akainama. Na uso wa Mjapani wangu ukawa lile lile jiwe.

Nilizirudia hizo mbili mpaka simu ikapata moto. Nilitaka kujua lile jiwe ni hasira au ni ruhusa. Nilisimamisha picha nikaikuza mpaka uso ukawa vidoa tu. Wifi alipita nyuma yangu na kikapu chake.

"Hata huyo ana adabu," alisema. "Kagonga, kaomba radhi. Wewe unaomba radhi kabla, halafu hugongi."

Akaenda kuanika nguo. Nilimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa ameona kwa mara moja kile nilichokitafuta siku zote hizo.

Tulikwenda Ibra kwa njia ya Izki na Sinaw, kaka akiendesha. Wanaume hawakuruhusiwa ukumbini, akabaki nje kwenye kivuli cha gari na birika la kahawa. Ndani walikuwa watu wa wifi: mama yake, shangazi zake, na yule mdogo wake wa Sur, amevaa viatu vipya vya michezo ingawa hakuwa anacheza. Nilimpa mama mtu shikamoo. Aliitikia, akanitazama toka juu mpaka chini, akamwambia bintiye, "Ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema wifi. 

Tulicheza na walimu wawili wa shule ya pale Ibra, wanawake wenye pumzi, waliokuwa na hila moja tu. Mara moja waliliona pengo la katikati yetu. Kila walipobanwa walipiga hapo, na kila walipopiga hapo tulisimama, wawili, tukikiangalia kinyoya kama mgeni asiyejua akae wapi. Seti ya kwanza ikaenda hivyo. Tulipobadilisha upande wifi alinipa mgongo. Alijifuta jasho, akatazama jukwaani, kwa mdogo wake.

Seti ya pili kinyoya kikaja tena katikati, mimi niko kushoto. Na kutoka jukwaani yule mdogo wake akaita, kwa Kiswahili, labda akidhani wengine hawataelewa: "Mpishe dada!"

Nusu ya ukumbi walielewa. Nusu ya Ibra wana bibi aliyezaliwa upande ule wa Afrika. Wakacheka, na mama mmoja akarudia, polepole, kwa raha yake, "Mpishe, mwanangu, mpishe."

Sijui nilichofikiri. Hilo si jambo dogo kwangu, maana huwa najua, na kwa kirefu. Niliruka. Nilikipiga kinyoya, na katika kurudisha mkono nikapiga vidole vya wifi yangu kwa fremu ya raketi, sauti ikasikika mpaka jukwaani. Kinyoya kilianguka kwao. Pointi yetu.

Niliinama. "Samahani, wifi, samahani sana, wallahi—"

Alikuwa amekishika kidole kimoja ndani ya kiganja cha pili. Uso wake ulikuwa jiwe.

"Rudi mahali pako," alisema.

Kikaja tena. Nikakichukua. Safari hii hakuwapo njiani. Alikuwa ameshatoka, ameshakimbilia nyuma kungoja jibu lao. Tukaishinda seti ile. Kidole chake kilianza kuvimba, akakishikamanisha na kingine kwa plasta ya huduma ya kwanza, akakataa kupumzika. Seti ya tatu walitufunga. Walitufunga kwa sababu walikuwa bora, tena kwa vinyoya vya pembeni. Katikati hawakupata kitu tena.

Nilikaa kwenye benchi nikikusanya raketi, nikijua kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Mdogo mtu alikuja na barafu kwenye mfuko wa plastiki, akapiga magoti mbele ya dada yake.

"Pole, dada. Kakuvunja huyu. Mimi nisingekugonga."

"Najua," alisema wifi. "Wewe ungenipisha, na kinyoya kingeanguka."

"Nilitaka tu—"

"Tangu utotoni unanipisha. Nimechoka kupishwa." Alichukua barafu. "Mwezi ujao njoo ukumbini utazame."

Mdogo mtu aliangalia viatu vyake vipya. Ningemwonea huruma siku nyingine.

Wifi hakunigeukia. Aliyasema yale yote kama sipo, na mimi niliendelea kukunja taulo lile lile. Nje kaka alisimama na kikombe.

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa."

"Na mkono?"

"Muulize dada yako."

Kaka aliniuliza kwa macho. Nikamwambia nimemgonga. Akamwaga kahawa iliyobaki mchangani, akawasha gari na redio. Nilianza kazi yangu ya kawaida. Niliipitia ile "mwezi ujao njoo utazame" neno kwa neno. Utazame nani? Hakunitaja. Huenda alikusudia akitazame kidole chake kikipona. Huenda alikuwa na mtu wa tatu. Nilifika Izki nikiwa nimeshaachwa na watu wawili zaidi.

Nizwa, mlangoni, nilikuwa na mifuko yote miwili ya raketi begani. Kaka alifungua, akaenda kurudisha gari kivulini. Nilisimama kizingitini kumpisha wifi, kama siku zote. Naye akasimama.

"Pita," alisema.

"Pita wewe."

"Nina kidole kibovu na njaa. Pita."

Nikapita. Bibi alikuwa kwenye godoro lake mkabala na mlango, tasbihi mkononi. Aliniona naingia kwanza, akainua nyusi.

"Leo mdogo ndiye anayetangulia? Dunia imepinduka?"

"Kaniumiza huyu, bibi," wifi alisema nyuma yangu. "Sitaki awe nyuma yangu na hizo raketi."

"Na huyo mdogo wako wa Sur?" bibi aliuliza. "Patna?"

Wifi alifungua friji, akatoa maji, akaufunga mlango kwa nyonga. Alikunywa mpaka mwisho, amesimama, jambo ambalo bibi hakulipenda na safari ile hakulisema.

"Jumanne saa kumi na moja," alisema, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Haukuwa uso wa kupendeza. "Ukichelewa nakuacha. Na vinyoya utabeba wewe."