Mjukuu Aliyeletwa na Mkeka Wake

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya sheria nayaeleza kama nilivyoyaona kwa macho. Nikipotea njia katikati ya maneno, mnivumilie, nitarudi.

Miaka hiyo nilikuwa nasafisha ofisi Croydon, kwenye yale maghorofa marefu, na nyumbani ni Peckham, ghorofa ya tatu, lifti ikikubali kupanda ushukuru. Mume wangu alishatangulia. Nilibaki na kijana mmoja, niliyekuja naye London miaka ya tisini inaanza, na Kiswahili chake kikawa cha kusikiliza tu. Unamsemesha hivi, anakujibu Kiingereza. Jioni moja akaja jikoni akasimama mlangoni kama mgeni, akaniambia kuna msichana ana mimba yake.

"Wa wapi?" nikamuuliza.

"Wa kisiwani, Mum."

"Pemba au Unguja?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni visiwa vya huko Polinesia, upande wa pili wa dunia, kijinchi kidogo ambacho alinionyesha kwenye ramani na mimi nikadhani ni uchafu wa nzi. Nikachukua kitambaa nikafuta. Hakikutoka.

Sasa kwetu Muheza, kijana akimpa binti wa watu mimba, hukai kimya. Wazee wa kiume wanakwenda kwa wazazi wa binti na kanga, sukari na kuku, wanasema mimba ni yetu, mtusamehe. Mimi wazee wa kiume sikuwa nao. Nikaenda mwenyewe. Kuku mzima nilimkosa, nikanunua wa friza pale Peckham, na huyo kuku akaanza kuyeyuka ndani ya tramu. Tramu za Croydon zilikuwa mpya, zinang'aa, na mimi nimekaa na mfuko unaodondosha maji kwenye viatu vya watu. Kijana wangu akahama kiti.

Yule binti alikuwa anaishi na mjomba wake, mzee mnene, mpole, ana shati la maua katikati ya baridi. Kiingereza changu na chake vyote vilikuwa vya kubahatisha, ndiyo maana tulielewana. Nikatoa kanga, nikatoa sukari, nikamtoa kuku. Nikasema, "Mimba hii ni yetu."

Mzee akawaita jamaa wote waliokuwa vyumbani. Wakaketi chini kwenye mkeka, mkeka hasa, karibu sawa na wetu wa ukindu. Akamgeukia kijana wangu. "Unamkubali mtoto huyu mbele ya watu hawa?"

"Yes," kijana akasema.

"Na nyinyi mna ardhi?"

Nikashangaa, ardhi inaingiaje hapa? Nikajibu ninayo, marehemu mume wangu aliniachia shamba Muheza, lina michungwa. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika kabisa. Kuku wangu wakamla siku ileile. Nikarudi nyumbani nikijua nimeomba radhi, basi, yamekwisha.

Mtoto akazaliwa wa kike. Sikilizeni, mimi nimelea watoto wengi, wa ndugu na wa majirani, lakini huyu alinikamata. Kijana wangu na yule binti hawakuoana, mapenzi yalipoa kama chai, lakini hawakugombana. Binti akawa ananiletea mtoto kila nisipokuwa kazini. Ananiita Mama. Tunakaa tunasuka nywele, mtoto katikati yetu anakula sabuni.

Mtoto alipokaribia miaka miwili, binti akanipigia simu. Baba yake kule kisiwani ameanguka, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Hana wa kumuuguza. Anakwenda, na hajui atarudi lini.

Nikamwambia pole, pole sana mwanangu. Nikaweka simu chini, nikakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuwasha taa. Maana niliona wazi: mtoto anaondoka, na kwa umri wangu na magoti yangu haya, ile ramani sitaivuka.

Nikamkokota kijana wangu kwa wakili, mmoja wa bure, alikuwa anakaa kwenye ukumbi wa kanisa kusikiliza shida za watu. Mama mwema, ana mafua. Akatueleza taratibu: kwa sheria ya hapa, baba ambaye hakufunga ndoa hana sauti juu ya mtoto, mpaka mama mwenyewe akubali au mahakama iamue. Nasikia baadaye waliibadilisha. "Na bibi?" nikauliza. Akanisogezea boksi la tishu, nikajua jibu.

"Twende mahakamani," kijana akasema.

Nikamkatalia. Binti wa watu anakwenda kumuuguza baba yake, mimi nimburute kortini? Nikasema tutawapikia pilau, tuwaage vizuri.

Wakaja Jumapili mchana. Mzee na shati lake, wake za jamaa wawili, na binti amembeba mtoto. Nyuma mtu kabeba mkeka mpya na begi la nguo za mtoto. Nikajiambia hao wanapitiliza uwanja wa ndege. Nikakimbilia jikoni, nikawa nachambua mchele uliokwishaiva.

Mzee akaniita. Mkeka umetandikwa katikati ya sebule yangu, mtoto kawekwa juu yake, begi pembeni.

"Mama," akasema, "amefika miaka miwili. Tumekuletea."

"Mmeniletea nini?"

"Mtoto wenu. Mlimkubali mbele yetu."

Ndipo akanieleza. Kwao, mtoto wa nje ya ndoa anakaa na mama yake mpaka miaka miwili. Baba akiwa amemkubali mbele ya wazee wa baraza, baraza hilohilo linaloamua mambo ya mashamba, basi akishafika miaka hiyo anakwenda kuishi kwa watu wa baba, kwa sababu huko ndiko atakakopata ardhi yake. Kumbe siku ile ya kuku jamaa wale waliketi badala ya baraza, na mimi sikuomba radhi. Nilikuwa nimekula kiapo, na michungwa yangu nimeshaigawa! Kijana wangu akanong'ona, "Mum, what did you do?" Nikamwambia nyamaza.

Mnadhani nilicheka? Nilimtazama binti. Alikuwa anakunja kigauni kimoja, anakikunjua, anakikunja tena. Nikaona furaha yangu imekaa juu ya kifua cha mtu mwingine. Nikamwita jikoni.

"Mwanangu, hapa ni London. Sheria ya hapa inasema mtoto ni wako. Wakili kaniambia."

"Najua, Mama. Na mimi niliuliza."

"Sasa?"

"Mjomba anafuata sheria ya kwetu. Mimi nakuletea mwenyewe. Kule nitakuwa namgeuza baba kitandani, nani atamshika mtoto? Wewe ukimwamsha asubuhi unamwimbia. Nimekuona."

Nikamshika, tukalia, pilau likaungua chini. Wageni wakala ukoko wakausifu sana. Wakati wa kuondoka mtoto alikuwa amelala, na binti akamnusa tu kichwani, akatoka haraka. Nilizisikia hatua zake kwenye ngazi, ghorofa zote tatu.

Alikaa huko mpaka akamzika baba yake. Kila Jumapili alipiga simu, na mimi namwekea mtoto sikioni hata akiwa amenuna. Nilijua, akirudi anaweza kumtaka mtoto wake, na ana haki. Nilimwomba Mungu arudi hivyohivyo.

Akarudi. Mtoto alikuwa amefika miaka minne, akajificha nyuma ya kitenge changu. Binti akapiga magoti kizingitini, hakumvuta. Akaniambia, "Mwache, ni wenu." Nikamwambia, "Ingia ndani, acha upuuzi, chai inapoa." Akapanga chumba mtaa wa pili kutoka kwetu, na kortini hakuna aliyekwenda.

Namshukuru yeye, namshukuru mzee wa shati la maua, na baraza la kisiwa nisichokijua. Leo wakili akiniuliza mtoto yuko chini ya nani, nitamwambia ana vitanda viwili, kwangu na kwa mama yake. Ni msichana mkubwa sasa. Jana amekuja kwangu, kala ugali wote, kaondoka na sufuria kumpelekea mama yake mboga, na hiyo sufuria najua sitaiona tena mpaka niifuate mwenyewe.