Ukuta Uliosingiziwa Kitambi

Mama Chokaa alikuwa anapalilia alipowaona mdogo wake na fundi wa majengo wakichora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa nyumba ya mawe ya marehemu baba yao. Aliacha jembe palepale, akajifunga kibwebwe, akakatiza shamba.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Hii nini?”

Fundi akaonyesha ukuta huo wa upande unaopigwa na mvua, ulivyotuna katikati kama mtu aliyeshiba. “Mama, ukuta umeota kitambi. Mawe yameachana ndani. Kesho asubuhi tingatinga linakuja kubomoa, kabla haujamwangukia mtu.”

“Kitambi ni cha huyu mdogo wangu. Ukuta wa baba yangu hauna.”

Ni kweli nyumba ilikuwa imechoka. Mwaka wa kumi na moja haikaliwi. Mabati yameng'oka upande mmoja, popo wamehamia chumba cha nafaka, na mche umeota juu ya tao la mlango. Lakini habari za nyumba ile Mama Chokaa hakuhitaji kuzisikia kwa mtu. Alikuwa na miaka tisa ilipojengwa. Asubuhi shule, mchana kukoroga chokaa, na ndipo jina lilipomganda. Majirani walimcheka baba yake kwa kumpa binti mwiko wa uashi, na wakaja wenyewe baadaye kumwita binti huyohuyo awajengee visima.

Baba alijenga kuta mbili zilizopeana mgongo, katikati kokoto na chokaa. Kila baada ya hatua mbili alilaza jiwe refu lililovuka kutoka nje hadi ndani, likazifunga kuta zote mbili. Kichwa cha jiwe alikiacha kimetokeza ndani vidole vinne, na hapo mama yao alitundika taa na ungo.

Kisha mdogo mtu akapata kazi, akarudi na mifuko ya saruji, akaipiga nyumba plasta nene nje kote ing'ae. Dada yake alimwambia mawe yale yamezoea chokaa, yanapumua. Ukiyaziba, maji yatakosa pa kutokea. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kizamani.

“Nipeni leo tu,” alisema sasa. “Mkinikuta mwongo, hao wa tingatinga nitawapikia chai mimi mwenyewe.”

Aliwaingiza ndani kwanza. “Ukuta wa nje ungekuwa umeondoka, ungeyavuta haya mawe. Haya, pima kwa vidole vyako.”

Fundi akapima kichwa cha kwanza. Vinne. Cha pili, vinne. Alipofika cha saba alikuwa amevua kofia.

“Na kile kitambi cha nje?” mdogo mtu akauliza, hajakubali.

Mama Chokaa alishika nyundo na patasi, akatoka. Alipogonga katikati ya mtuno, plasta ililia kama debe tupu. Akagonga tena, pembeni, akichokonoa ufa kidogo kidogo. Jasho lilimwingia machoni, mdogo wake akanyoosha mkono apokee nyundo.

“Kaa mbali. Wewe ulipaka, mimi nabandua.”

Saa nane mchana kipande kizima kama mlango kilijing'oa, kikaanguka na kuvunjika. Nyuma yake mchanga mbichi wa plasta iliyomeguka kwa maji ulimwagika, unanuka ukungu. Na nyuma ya mchanga, mawe ya baba, yamekaa yalivyokaa siku ile alipoyapanga.

Akamkabidhi fundi timazi, uzi wa kupimia wima. “Ning'iniza wewe. Nisije nikaambiwa mkono wa bibi ulitetemeka.”

Fundi akapanda ngazi. Risasi ya timazi ikayumba, ikatulia. Akapima nafasi kati ya uzi na mawe, juu, katikati, chini. Akarudia.

“Umenyooka,” alisema polepole. “Kilichotuna ni plasta peke yake.”

Mdogo mtu alitazama msalaba wake mwekundu uliovunjika vipande chini, akatoa simu. “Niwaambie wasije.”

“Waache waje,” Mama Chokaa alisema, akijipangusa vumbi. “Hilo tingatinga lina ndoo kubwa. Libebe saruji yako yote. Na wewe kesho uje na nguo chakavu, tuna shimo la kulowekea chokaa la kuchimba.”