Jina Nisilolisoma

Zafarani ikirowekwa kwenye maji ya waridi, wengine husikia harufu ya harusi. Mimi nasikia harufu ya kichwa cha mtoto mchanga kilichonyolewa, chekundu, kimepakwa rangi ya manjano hadi kwenye nyusi. Wiki mbili zilizopita niliisikia tena mtaa wa Bustan, nyumbani kwa binamu yangu Zuwena, aliyejifungua binti, nikatoka ukumbini kwenda kupunga upepo. Nyinyi nitawaambia kwa nini, ila msinihukumu upesi. Nilikuwa na miaka tisa.

Siku hizo tukikaa mtaa wa Hamriya, hapa Maskati, ghorofa ya pili, juu ya duka la mshona abaya: mimi na wazee wangu, Bibi mzaa baba, na Ami Seif, mdogo wake baba. Ami alirudi masomoni na mke kutoka Wales. Sisi tuliona huko ni Uingereza tu, na yeye kila mara akitusahihisha kwa upole kwamba sivyo. Kwao aliitwa Nesta. Aliposilimu akachukua jina la Nasra, nasi watoto tukamwita Anti Nasra. Hakulalamikia joto wala pilipili, na hilo Bibi hakulipenda hata kidogo. Mtu asiyelalamika, akisema, ana yake moyoni. Mwenzetu akajifunza Kiswahili mbiombio, na hilo nalo likawa kosa, ati anataka ajue tunamsengenya nini. Umbo langu sijui nimelitoa kwa nani, lakini shaka zangu nimezirithi kwa Bibi, zote, pamoja na mkufu wake mmoja.

Bibi hakuwa mtu mbaya. Anti Nasra alipojifungua, ni Bibi aliyemkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akamfunga tumbo kwa kanga, akamnywesha uji wa pilipili manga hadi jasho likamtiririka. Mikono ikimhudumia, macho yakimchungua.

Kwetu mtoto hana jina mpaka siku ya saba. Kabla ya hapo huitwa mgeni. Siku ikifika huchinjwa mbuzi wa akika, mtoto hunyolewa, na katika ukoo wetu anayeshika wembe humuuliza mama mbele ya wanawake wote: nani huyu? Jina la mtoto wa kwanza ni haki ya bibi mzaa baba. Lakini Ami Seif alimwomba mamaake amwachie mkewe mara hii moja. Nesta alishaliacha jina lake, alisema, basi angalau binti apate moja la kwao, la zamani. Bibi akakubali shingo upande, kwa sharti alisikie mapema. Anti Nasra akacheka, akasema, "Utalisikia siku ya saba, Mama."

Loo, angelijua. "Kama ni la kheri," Bibi akaniambia jikoni, "analifichia nini?"

Siku ya kwanza alishuku ni jina la kanisani. Siku ya pili akashuku ni jina la shetani wa milimani kwao. Siku ya tatu alikuja na shaka kubwa kuliko zote, nayo hakuisema kwa kejeli: mtoto akishapewa jina la kwao, siku moja watakuja kumdai. Alikuwa akichambua mchele, na mikono yake ikasimama.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Bibi alikuwa na binti mkubwa, Lulu, aliyekuwa akimbeba Ami Seif kiunoni Ami alipokuwa mdogo. Alikufa kwa homa Unguja, ana miaka saba. Baadaye familia ikahamia Oman, kaburi likabaki kule, na jina lile likawa halitajwi nyumbani kwetu. Mimi nililitaja mara moja tu. Nilikuta picha ya zamani, nikasoma kwa sauti maandishi ya nyuma, nikingoja kusifiwa. Bibi akaingia chumbani adhuhuri, akatoka isha, na mama akanifinya paja hadi likavilia damu.

Basi nikafanywa jasusi, na wallahi niliifurahia kazi hiyo. Nilikuwa nikijifanya nakwenda kumtazama mgeni, kumbe nasikiliza. Nikaleta habari kwamba Anti Nasra humnong'oneza mtoto kwa lugha isiyokuwa Kiingereza, tena ina kh nzito kama ya Kiarabu. Bibi akashtuka. Wazungu hawana kh, alisema, hii kaitoa wapi? Mama akasema labda ndiyo lugha yao ya Wales. Bibi akamtazama kama mtu aliyehongwa.

Siku ya tano, Anti Nasra akiwa bafuni anajifukiza, nikaipata karatasi chini ya kopo la poda ya mtoto. Ilikuwa imeandikwa majina kwa mwandiko wake wa kulala, yote yamekatwa isipokuwa la mwisho. Nikaitia kifuani, nikaenda mbio kwa Bibi. Yeye Kiswahili chake alikisoma kwa herufi za Kiarabu, hizi nyengine hazijui, kwa hivyo macho yake yalikuwa mimi.

Nikamsomea. Angharad. Gwenllian, nalo nikalirudia mara tatu ulimi ukinikwama. Rhiannon. Heledd. Kila jina Bibi akilipigia bismillahi. Nikafika la mwisho: Mererid. Lilikuwa limezungushiwa duara, na kutoka kwenye duara umechorwa mshale, na mwisho wa mshale yameandikwa maneno mawili ya Kiswahili safi: dada Lulu.

Hilo sikulisoma. Niliiona picha ile, nikauona mlango wa Bibi ulivyofungwa, na paja likaniuma upya. Pia niliogopa kweli. Kwa nini mtu aandike jina la marehemu pembeni ya jina la mtoto? Shaka za nyumba nzima ziliniingia kwa pamoja.

"Kuna jengine?" Bibi akauliza.

"Hakuna, Bibi."

Akaikunja karatasi, akaitia jikoni kwenye moto wa ubani. Nikaona afueni, sikwambii.

Siku ya saba ukumbi ulijaa wanawake. Anti Nasra alikaa juu ya godoro, kavaa guo la kijani la Kiomani, kajitayarisha, anatabasamu peke yake. Bibi akashika wembe, akashusha nywele za mtoto taratibu. Ulipofika wakati wa kuuliza, hakuuliza. Anti Nasra alikuwa keshafungua mdomo.

"Huyu Zuwena," Bibi akasema. Wanawake wakapiga vigelegele, hawana habari.

Anti Nasra akaufunga mdomo. Akainama, akambusu Bibi mkono, akasema jina zuri, na machozi yake watu wakayafanya ya furaha. Ami Seif hakusema na mamaake siku kumi. Halafu maisha yakaendelea, na hakuna aliyemuuliza Anti Nasra alitaka kusema nini.

Mtoto hakudaiwa na mtu. Anti Nasra hakuondoka Maskati. Bibi alipopooza, yeye ndiye aliyemlisha kwa kijiko na kumgeuza kitandani miaka miwili, huku sisi wajukuu wa damu tukipita kusalimia na kutazama saa. Kiswahili chake sasa ni cha Bibi mtupu, kushinda changu.

Narudi Bustan. Kabla sijatoka, Zuwena alimwambia mamaake kwamba safari hii jina lazima liwe la Wales, la zamani, amchagulie yeye. Anti Nasra akatikisa kichwa. "Nnalo moja tu," akasema, "na lilishakataliwa. Sitaki kulirudisha." Akatoka, nikamfuata kibarazani. Nikamuuliza kwa nini Mererid, naye hakushangaa kwamba nalijua. Akasema kwao Mererid maana yake ni lulu. Ami alimsimulia habari za dada yake, naye akataka kumrudishia Bibi bintiye bila ya kumlazimisha kulitamka jina lililomuumiza.

Nikamwambia nilichokifanya. Sikupamba.

"Karatasi nilijua umeichukua wewe," akasema polepole. "Nikadhani umemsomea yote. Nikadhani kalisikia la Lulu, akalikataa."

Kumbe miaka yote ile. Anamlisha, anamgeuza, na anaamini kwamba zawadi yake ilitazamwa ikatupwa. Na Bibi kafa akiamini mkwewe alimficha jambo. Nilijiona mtoto mwema, nimemkinga Bibi asilie. Nilichokinga ni paja langu.

"Ungelisoma, angelifanyaje?" Anti Nasra akauliza.

Nilitaka kumwambia sijui, maana ndiyo njia nyepesi. Lakini Bibi namjua.

"Angelilia kutwa nzima," nikasema. "Kisha angelimwita mtoto kwa jina hilo."

Akaweka mkono wake juu ya wangu. Halafu akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaingia ndani kumwambia Zuwena lile jina.