Moshi Mweusi wa Pikapu ya Baba

Enzi zetu pale Migori, mtoto aliyefika darasa la tano bila kujua kusoma moshi wa gari alichekwa kuliko aliyekojoa kitandani. Hatukuwa na simu za kuchezea. Tulikuwa na kilima kwenye barabara ya Isebania, na tukitoka shule tulikaa pale juu, miguu imejaa vumbi, tukitafuna miwa na kusubiri magari makuukuu yapande yakikohoa. Gari likianza tu kupanda, kila mmoja alitaja rangi ya moshi utakaotoka. Aliyekosea aliwabebea wenzake vitabu hadi nyumbani. Mimi, ingawa nilikuwa msichana peke yangu, sikubeba sana, na nasema hivyo bila aibu.

Baba ndiye aliyenifundisha. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, maji yanaingia mahali pasipo pake. Wa bluu, gari linakunywa oili, ringi za pistoni zimelika. Mweusi, petroli ni nyingi na hewa ni kidogo. Alinifundisha kwa pikapu yake, ile aliyoinunua ikiwa imeshazeeka, alipochoka kufanya kazi mbali na kutuona mara moja kwa mwaka. Sasa alibeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay hadi soko la Migori, na kila jioni alikula nasi. Nguo zake zilinuka samaki na petroli, na mpaka leo sijapata manukato ya kuishinda harufu ile.

Basi mvua za masika zikaja, na pikapu ikaanza kufuka moshi. Nguvu ikaisha kabisa, kilima kidogo tu ikawa inapanda kwa gia ya kwanza. Baba akamwita Fundi Okoth, mtu mwenye sifa mjini na sauti kubwa. Hata boneti hakufungua. Alisikiliza injini, akatikisa kichwa, akasema ringi zimekufa, lazima injini ifunguliwe yote. Baba hakuwa na uwezo huo. Alimwambia mama kwamba kesho fundi ataichukua pikapu aiuze vipuri, naye atarudi kule alikokuwa kazini. Mama aliendelea kusonga ugali. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Asubuhi fundi alikuja na spana zake. Baba akawasha gari ili amwonyeshe kwa mara ya mwisho, nami nikasimama nyuma ya ekzosi nikaangalia kama tulivyozoea kule kilimani.

"Baba, moshi ya ringi ni ya bluu," nikasema. "Hii ni nyeusi."

Fundi akaniuliza nimesomea gereji gani. Baba hakucheka. Alizima injini, akafungua boneti, akalalia tumbo juu ya injini na kupapasa kwa chini. Kisha akajishika kichwa.

Waliosafiri barabara ya Muhuru miaka ile wanajua. Wakati wa kiangazi madereva walifunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba la hewa, kuzuia lile vumbi jekundu lisiingie kwenye injini. Mvua ikianza, unakitoa. Baba alisahau. Kipande cha leso kuukuu ya mama kilikuwa bado kimefungwa kwa kamba kule chini, vumbi limegeuka tope, tope limekauka na kuwa gumu. Hofu ya kutuacha ilikuwa imemziba macho, asione moshi alionifundisha mwenyewe.

Akakata kamba, akakitoa kitambaa, akawasha tena. Pikapu ikakohoa mara mbili, kisha ikanguruma vizuri, moshi hakuna.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "leo umeniweka nyumbani."

Fundi alibeba spana zake akaenda bila kuaga. Baba alibaki nasi miaka yote ya utoto wangu.

Siku hizi gari likiugua, taa ndogo inawaka, kijana anakuja na kompyuta, anachomeka waya. Watoto wetu wakiona moshi wanafunga kioo. Siwacheki sana, magari yao ni mazima. Juzi mwanangu mkubwa alikuja kutoka Nairobi, akakaa siku mbili, akaliwasha gari lake aondoke. Nilizunguka nyuma nikaangalia ekzosi kwa muda mrefu. Haikutoa kitu cha kumchelewesha. Nikampungia mkono, akaenda.